Mzigo wa Mfungaji

Mwanafunzi wangu wa zamani, mtu mzima sasa mwenye familia yake huko Marekani, alinipigia simu majuzi. Baada ya shikamoo na habari za mvua, akaniambia kuwa binti yake wa miaka 12 anacheza softiboli, na kwamba yeye ndiye mrushaji, yaani kila hatua ya mchezo huanzia mkononi mwake. Timu ikishinda, sifa hugawanywa. Ikishindwa, macho yote humgeukia yeye. "Mwalimu," akasema, "mama yake hapati usingizi. Nanyi mlilea mfungaji. Mlifanyaje?"

Softiboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, na huku kwetu Tabora ni wachache mno waliowahi kuiona. Lakini netiboli tunaijua, na yule aliyeuliza alijua anachouliza. Kwa msomaji ambaye hajawahi kusimama kando ya uwanja wa wasichana, nieleze kidogo. Kila timu ina wachezaji saba, ila wawili tu, GS na GA, ndio wenye ruhusa ya kufunga, tena wakiwa ndani ya nusu duara lao. Pete iko juu futi kumi, wala haina ubao nyuma yake wa kumsaidia mwenye bahati. Ukishaupata mpira unazo sekunde tatu. Mlinzi yuko mbele yako, mikono juu kama matawi. Wenzako wamekimbia, wameanguka, wamechubuka magoti, na jasho lao lote sasa limewekwa katika viganja vya mtoto mmoja.

Mtoto huyo, katika miaka ya 1990, alikuwa binti yetu wa tatu. Tulikaa Kitete, si mbali na hospitali ya mkoa. Fundi vyuma mmoja alitukunjia pete ya nondo, nasi tukaifunga juu ya mti wa mninga uani. Wavu mama yake aliusuka kwa kamba ya katani. Kila jioni, baada ya kuchota maji na kuosha vyombo, tulisikia mlio ule ule: nondo, ardhi, nondo, ardhi, kisha kimya kidogo, maana mpira umepita katikati bila kugusa kitu.

Majirani walikuwa na maneno. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa nayo mengi zaidi, hasa juu ya sketi. Mke wangu hakubishana naye. Alishona bukta ya kuvaa ndani, akamchukua bibi hadi uwanjani siku ya mechi, akamkalisha kwenye mkeka. Bibi alitazama robo nzima bila kusema neno. Mwishowe akanong'ona, "Kumbe kazi yenyewe ni kulenga!" Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akituuliza ratiba.

Jambo moja nitalisifu daima katika nyumba yetu, na sifa zake si zangu. Binti alikuwa na daftari la kuandikia mipira aliyofunga kati ya kila hamsini. Mimi ni mwalimu. Namba huniita kama asali inavyomwita nyuki. Lakini mke wangu alitoa amri mapema kabisa: daftari hilo ni la mtoto, asilifungue mtu, wala asiulizwe leo kapata ngapi. Akitaka kusema, atasema. Jirani yetu mmoja alikuwa akisimama uani kwake na kumhesabia mwanawe mipira kwa sauti, na kila uliokosa alipiga ulimi. Mtoto yule alikuwa na mkono mzuri kuliko wa binti yetu. Alipofika kidato cha pili hakutaka tena kuuona mpira.

Kutoka uwanjani hadi nyumbani tulikuwa tukitembea kwa miguu, kiasi cha nusu saa. Siku moja alikosa mpira wa mwisho na timu yake ikafungwa kwa bao hilo moja. Watazamaji walimtaja kwa jina. Tulitembea njia nzima, mama yake akizungumzia bei ya karanga na asali. Nilidhani hamjali mwanawe. Tulipokaribia nyumbani, mtoto mwenyewe akasema, "Niliharakisha. Nilikuwa bado na sekunde moja." Mama yake akajibu, "Aha," kisha akaendelea na karanga.

Watu wa Tabora tuna kumbukumbu ndefu ya mizigo. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani, mwendo wa miezi, na wasafiri wageni wa karne ya 19 waliandika kwamba hata watoto wadogo walionekana wakijishaua na vijipembe mabegani. Napenda sana picha hiyo. Mtoto alibeba pembe, ndiyo, lakini pembe ya kadiri yake. Mchezoni jambo hili hupotea upesi, kwa sababu mtoto mwenye kipaji huonekana mkubwa kuliko alivyo. Anafunga kama mtu mzima, basi watu wazima humtwika hamu zao zote.

Na hapo ndipo habari ya goti inapoingia. Katika netiboli, mchezaji anayedaka mpira akiwa mbioni hana budi kusimama papo hapo. Sheria haimruhusu kuendelea kukimbia nao. Mguu unaotua kwanza ndio unaopokea mshindo wote, na kazi ya kuuzima mshindo huo huliangukia goti. Mwaka ule binti alichaguliwa kuingia kambi ya timu ya mkoa kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na siku nne kabla ya safari goti la kushoto likavimba. Mwalimu mmoja wa michezo akaja nyumbani na bendeji. Alikuwa kijana mwema na hakuwa na nia mbaya. Alisema atalifunga vizuri, atamchezesha robo mbili tu, na kwamba bila mfungaji huyu mkoa hauna timu.

Mke wangu alimkaribisha chai. Kisha akamwambia, "Mwanangu, asante. Haendi."

Binti alilia hadi akatapika. Alisema mama ameiua ndoto yake, na maneno mengine ambayo sitayaandika. Siku tisa hakuzungumza na mama yake. Aliomba chumvi kupitia kwangu. Mke wangu alipokea adhabu ile bila kujitetea, akaendelea kumwekea kitambaa chenye maji baridi gotini kila jioni, na mtoto akaendelea kunyoosha mguu bila kumtazama. Timu ilikwenda bila yeye, ikarudi mapema. Mitaani walisema ni sisi.

Alicheza tena mwaka uliofuata. Hakuitwa tena kwenye timu ya mkoa. Walikuwa wamempata mwingine, mrefu zaidi. Ningependa kusema kwamba baadaye alimshukuru mama yake, kwa kuwa hadithi za aina hii hupenda kuishia hivyo, lakini sijamsikia akilitaja jambo hilo. Nilichokiona ni kwamba anapanda ngazi bila kushika ukuta, na sasa amepita umri wa miaka arobaini.

Mwaka 2022 mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari yalifanyika hapa hapa Tabora, naye akaja na binti yake kutazama. Tulikaa watatu kando ya uwanja wa netiboli. Nyuma yetu baba mmoja alikuwa akimpigia kelele mfungaji, mtoto wake nadhani, akimwelekeza jinsi ya kushika mpira, jinsi ya kusimama, jinsi ya kupumua. Binti yangu alivumilia kwa muda. Halafu akainuka, akachukua kiti chake kwa mkono mmoja na mkono wa mwanawe kwa mwingine, akahamia upande wa pili, chini ya mwembe, karibu kabisa na pete.