Istanbul, chini ya kuba na nyuma ya mbao

Jumatatu, 4 Novemba
Alfajiri msikiti wa Süleymaniye. Mahanafi hawana kunuti ya alfajiri. Mikono yangu ikataka kuinuka yenyewe.

Kuba mita 53 kutoka sakafuni. Fundi Sinan alianza 1550, akamaliza 1557. Shingo inauma. Lakini kilichonikaa moyoni ni masizi! Enzi za taa za mafuta, moshi ulivutwa na hewa hadi chumba kidogo juu ya mlango mkuu, masizi yakakusanywa, yakawa wino wa makatibu. Msikiti uliokuwa ukitoa wino. Nimemsimulia Baba Watoto njia nzima hadi akaomba chai.

Jumanne
Sina raha. Adhuhuri msikiti mwingine, siutaji. Wanawake nyuma kabisa, mbele yetu mbao zenye vitundu. Mihrabu nimeiona kwenye simu ya mume wangu. "Mwenzangu, hivyo vigae!" Nyamaza, bwana. Nyumbani naswali chumbani wala silalamiki, ila nauli yote ile nije kutazama mbao?

Jumatano
Msikiti wa Rüstem Paşa, katikati ya kelele za soko la Eminönü. Uko juu ya maduka, na kodi ya maduka ndiyo iliyokuwa ikiutunza. Akili hiyo! Ngazi nyembamba, giza, halafu buluu tupu. Vigae vya İznik hadi nje barazani, na huko nje hakuna wa kunizuia. Nimepitisha kidole: buluu ni laini, wekundu umevimba kidogo, kama pele. Picha haionyeshi hilo.

Mvua. Viatu vimelowa.

Ijumaa
Edirnekapı, kwenye ukuta wa kale wa mji. Msikiti wa Mihrimah, binti wa Sultani Suleiman, mke wa Rüstem huyohuyo. Fundi ni Sinan tena. Mume na mke, kila mtu na wake!

Jamani, mwanga. Kuba limebebwa na matao manne makubwa, uzito wote umeshukia pembeni, kuta hazina mzigo. Basi akazitoboa madirisha, safu juu ya safu. Laasiri jua limeingia hadi huku nyuma kwetu, zulia lina moto. Kikongwe mmoja akanisogezea nafasi karibu naye, hatuelewani hata neno.

Mnara mmoja tu. Binti mzima wa sultani!

Baba Watoto anashikilia Süleymaniye. Ashikilie. Mimi nimempa Mihrimah ushindi, tena bila kusita.