Nyasi za Kula Mawe

Jina lenyewe latosha kumtisha mgeni. Kula Mawe ni kijiji kilicho katika njia itokayo Isiolo kwenda Garba Tula, nasi tuliotoka Mombasa, tuliozoea minazi na unyevu wa bahari, tulidhani jina hilo ni mzaha mpaka tuliposhuka garini. Ardhi ni ngumu, na upepo umeifagia kama ua wa nyumba asubuhi ya Idi.

Mwenyeji wetu, mama wa Kiborana, alitupokea kwa salamu ndefu na maziwa ya ngamia yaliyotiwa katika chombo kilichofukizwa moshi. Nikamweleza jinsi nasi Pwani tunavyofukiza mitungi ya maji kwa ubani. Akacheka. Kisha akasema kwamba kuni za kufukizia siku hizi huzifuata mbali.

Alasiri alitupeleka kwenye kipande cha malisho walichokizungushia miiba. Ndani wamechimba vishimo vya umbo la nusu mwezi, tuta likiwa upande wa chini, ili maji ya mvua yanayoteremka mbio yanaswe na kuzama, na mbegu za nyasi za asili zipate pa kuotea. Nyasi zilitufika magotini. Nje ya miiba, hatua tatu tu, vumbi tupu.

Nyasi hizo sasa zina wanunuzi wasiofuga hata mbuzi. Mmea huvuta hewa ukaa na kuteremsha kaboni mizizini, na mizizi ikifa, sehemu ya kaboni husalia udongoni. Malisho yasipopumzishwa, mizizi hudhoofika na akiba ile hupotea. Basi yako makampuni ya mbali yanayolipia kaboni iliyohifadhiwa, na kaskazini mwa Kenya mradi mkubwa wa namna hiyo huhesabu akiba yake tangu mwaka 2013. Lakini Januari 2025, mahakama iliyoketi Isiolo iliamua kwamba hifadhi mbili, Biliqo Bulesa na Cherab, ziliundwa kinyume cha Katiba. Wananchi waliofungua kesi walilalamika kuwa hawakushirikishwa ipasavyo.

Nilimuuliza mama yule aionaje biashara hii.

“Mwanangu, kupumzisha malisho hatukufundishwa jana,” akajibu. Akanieleza habari za dedha, utaratibu wa Waborana ambao kwao wazee hutenga malisho ya masika, ya kiangazi, na yale ya akiba ya ukame, na asiyetii hutozwa faini. “Nyasi zirudi, nafurahi. Ila nataka kujua nani atasema lini mbuzi wangu waingie.”

Sikuwa na jibu, na nadhani hakulitaraji kwangu.

Jua lilipoinama, mbuzi walirudi wakinusa kwenye miiba. Mwana-mbuzi mmoja alipenyeza kichwa. Mama akamvuta taratibu kwa sikio, akaliziba tundu kwa tawi jipya, akaenda kutia udhu.