JARIBU BOMBA KABLA YA KUFUKIA MTARO



Siku hizi vijijini mwetu watu wengi wanajenga vyoo vya kumwaga maji. Bomba la plastiki la inchi 4 huchukua maji machafu kutoka chooni mpaka shimoni. Bomba jingine husimama ukutani na kupita juu ya paa. Hilo ni bomba la hewa. Mimi ni fundi wa mabomba, na maendeleo haya nayafurahia.

Lakini kuna jambo moja linaloniudhi. Bomba likishaunganishwa, watu hushika majembe mara moja na kufukia mtaro. Wanaona kazi imekwisha. Mimi nasema bado. Bomba lisilojaribiwa ni kama gunia usilolitazama chini. Utajua limetoboka wakati mahindi yamekwisha kumwagika njiani.

Maji ya chooni yakivuja ardhini, huwezi kuyaona. Yanakwenda polepole chini ya udongo. Yakifika kisimani, watoto wako watayanywa. Kwa macho, maji ya kisima yataonekana safi. Kumbe ndani yake mna vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho, katika mji wa London, Uingereza. Watu zaidi ya 600 walikufa. Daktari John Snow aligundua kwamba wengi wao walikunywa maji ya kisima kimoja chenye pampu. Mpini wa pampu ile ukaondolewa. Mwaka 1855 mahali pale palifukuliwa. Ikaonekana kwamba matofali ya shimo na ya mfereji wa maji machafu wa nyumba ya karibu yalikuwa yamelegea. Kutoka shimo lile mpaka kisimani hapakufika mita 1. Uchafu ulipenya udongo na kuingia kisimani, wala hakuna aliyeuona.

Basi, ndugu msomaji, tunajaribuje bomba?

Kwanza, acha gundi ikauke mpaka kesho yake. Mtaro uwe wazi. Ziba mdomo wa chini wa bomba kwa matambara yaliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kandika udongo wa mfinyanzi, kisha weka ubao na kigingi, kwa sababu maji yatasukuma kwa nguvu. Upande wa juu, simamisha kipande cha bomba chenye urefu wa mita 1 na nusu. Jaza maji mpaka juu. Ngoja hewa itoke, kisha ongeza tena. Weka alama ya mkaa pale maji yalipofika. Ngoja nusu saa.

Maji yakibaki kwenye alama, bomba ni zima. Yakishuka, tafuta panapovuja. Futa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, halafu nyunyiza majivu makavu. Majivu yakilowa, hapo ndipo penye ugonjwa.

Mama mmoja aliniita nimfungie sinki la choo. Bomba lilikuwa limelazwa na fundi mwingine. Kisima chake kilikuwa chini ya mteremko. Nilipoomba ndoo 5 za maji kwa ajili ya bomba la mita 10, alishika kiuno.

"Fundi, maji haya nimeyachota mbali. Leo unataka kuyamwaga?"

"Mama," nikamwambia, "hatuyamwagi. Bomba ni jipya. Tukimaliza tutayakinga, tuchanganyie saruji."

Akakubali. Alama ya mkaa aliiweka mwenyewe. Baada ya nusu saa maji yalikuwa yameshuka vidole 4. Tukaona majivu yamelowa kwenye kiungo cha kona, upande ule ule wa kisima. Tukakata, tukaweka kiungo kipya, tukajaribu tena kesho yake. Maji hayakushuka. Ndipo mama akasema, "Sasa fukieni."

Bomba la hewa nalo lijaribiwe. Hili tunalijaribu kwa moshi, kabla choo hakijatumiwa. Mimina maji kwenye sinki, yakae katika shingo yake. Weka majani mabichi na makaa machache ndani ya kopo. Liweke kopo katika chemba, mbali na bomba, kwa kuwa plastiki huyeyuka. Funika chemba. Moshi ukitoka juu ya paa, njia ya hewa iko wazi. Sasa ziba kidogo mdomo wa juu. Moshi ukitokea kwenye kiungo ndani ya nyumba, hapo ndipo harufu itakapopita. Ukimaliza, zibua mdomo huo.

Angalia sana: usifanye jaribio la moshi kwenye choo kinachotumika. Shimo la choo hutoa hewa inayoweza kuwaka.

Mwisho, mwaga ndoo moja chooni kwa haraka, kisha tazama shingo ya sinki. Maji lazima yabaki pale. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia harufu na nzi. Yakinyonywa yote, huenda bomba la hewa limeziba. Yakipungua sana usiku bila choo kutumiwa, huenda sinki lina ufa.

Jaribio hili lote ni kazi ya siku moja, baada ya gundi kukauka. Mtaro ukishafukiwa na sakafu ikishamwagwa, utalipia kuvunja na kujenga upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: na ukuta hujengwa kwa fedha, lakini mtoto aliyekufa kwa kipindupindu harudi.

Kwa hiyo fundi akikuambia kazi imekwisha, mwambie, "Asante, fundi. Sasa tulete maji tujaribu." Fundi mzuri hatakasirika.