Usiku wa Kuamkia Ijumaa

Katika Unguja ya ujana wangu, usiku wa kuamkia Ijumaa ulikuwa na ada zake: baina ya Magharibi na Isha tulikaa msikitini tukisoma Yasini na kuwarehemu wazee wetu, na Isha ikishaswaliwa, iwapo ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, baraza za mjini ziligeukia redio, maana ndio usiku aliokuwa akiimba Umm Kulthum kutoka Cairo. Mimi, niliyekuwa nikisoma fikihi na tajwidi kwa shekhe mmoja wa Malindi, nilikuzwa katika itikadi kwamba mtafuta elimu hana haja ya jambo la pili, na kwamba saa iendayo kwenye udi na fidla imedhulumiwa kitabu; basi nikipita pale kwa haraka, ilhali masikio yamebaki nyuma.

Aliyenigeuza ni shekhe mwenyewe. Usiku mmoja alisimama penye baraza ya jirani, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, hebu isikilize dhadi yake." Nikaisikia: ubavu wa ulimi umeegemea magego ya juu, herufi inatoka nzito na timamu, vile vile alivyokuwa akinitaka niitamke juma zima nami siiwezi. Akanieleza kuwa bibi yule ni binti wa imamu wa kijijini huko Misri, na ulimi wake ulinyooshwa chuoni kwa Kurani.

Kesho yake tukaifungua Ihyaa ya Imamu Ghazali, mlango wa adabu za kusikiliza, nami nikastaajabu jinsi mwanachuoni yule, aliyefariki mwaka 1111, alivyoipima sauti njema kwa insafu, akaruhusu nyimbo na dufu penye furaha ya halali, lakini nyuzi na zumari akazizuia. Shekhe alilishika neno hilo daima. Ala zikitangulia sauti, huaga akaenda zake. Mimi moyo wangu haukuweza kuuacha udi, nikaegemea kwa Ibn Hazm wa Andalusi, ambaye hakuiona sahihi hata moja katika hadithi za kuuharamisha.

Hakunikemea kwa hilo. Alinishurutisha tu kwamba kila Alhamisi, kabla ya kwenda barazani, nimsomee robo ya juzuu kwa sauti. Na baada ya miezi kadhaa akaniambia kuwa madda zangu zimetulia kuliko za wenzangu wote darasani.