Tumezoea kununua sanda: funzo la nguo za mtoto njiti



Ndugu zangu katika imani, na majirani zangu wa dini nyingine mnaosoma ukurasa huu, leo sina darsa la kitabu. Nina darsa la dukani. Binti yangu na mumewe wameniruhusu niliandike kwa sharti la kutotaja majina, nami nimekubali.

Mwezi uliopita, katikati ya kipupwe hiki, binti yangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 30. Mtoto wa kiume, gramu 1,280. Sisi tunamwita mtoto njiti, na njiti kweli: mkono wake mzima haukuzidi unene wa kidole changu cha shahada. Alilazwa chumba cha watoto, mama yake akalazwa wodini, bibi yake akabaki huko kuwahudumia. Mimi nikarudi Kitangari kuswalisha na kutafuta fedha. Mnajua miezi hii ilivyo kwetu huku juu: mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, pesa yote imeishia kwenye salfa, na mnada bado uko mbali.

Siku ya tatu mama watoto akanipigia simu. Muuguzi anataka kofia mbili, soksi jozi mbili, nepi ndogo kuliko zote na kanga mbili safi. Akaniambia, "Usinunue kwa kukisia, baba. Nimempa kijana wa bodaboda uzi, anakuja nao." Uzi ulifika umefungwa mafundo matatu. Kutoka fundo la kwanza hadi la pili ni mzunguko wa kichwa. Kutoka la pili hadi la tatu ni unyayo. Nikaulaza kwenye kiganja: unyayo wa mjukuu wangu ulikuwa sawa na kidole gumba changu.

Kabla sijatoka, mzee mmoja tunayeheshimiana sana akanivuta pembeni. "Sheikh, ungesubiri kwanza. Nguo zisimtangulie mtoto. Tuone kama atakaa." Hakusema kwa ubaya. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Mtoto ambaye hajawa na uhakika hanunuliwi kitu, ili akiondoka isibaki nguo ya kumliza mama yake. Nilimsikiliza, nikamwambia nimekuelewa, nikaenda.

Sasa sikilizeni yaliyonikuta dukani.

Duka lile naliendea miaka mingi. Nilipoingia tu, yule kijana mwenye duka akainuka, akapunguza sauti ya redio, akasema, "Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun. Nani tena, Sheikh?" Na huku mkono wake uko kwenye rafu, anashusha jora la bafta. Kwa nini? Kwa sababu miaka yote hiyo sijaingia duka lile kwa jambo jingine. Imamu akija, kuna mtu wa kuzikwa.

Nikamwambia, "Hapana mwanangu, hakuna msiba. Nataka kofia ya mtoto mchanga." Nikamwonyesha uzi. Akautazama uzi, akaitazama bafta, akanitazama mimi. Hakusema kitu, lakini nilijua anafikiri nini. Na mimi nilifikiri hilo hilo. Nasema kweli mbele ya Allah: mkono wangu ulikuwa juu ya kile kitambaa cheupe, na ulianza kupima wenyewe. Kwa uzi ule nilijua kabisa kinahitajika kiasi gani. Nimewakafini watoto wa kimo hicho kwa zaidi ya miaka ishirini. Hata mmoja wao sikuwahi kumnunulia kofia.

Nikaondoa mkono.

Tukatafuta nguo. Kofia ndogo kuliko zote dukani ilikuwa ya mtoto wa miezi mitatu, tukiipima kwa uzi inabaki nafasi ya ngumi. Soksi zingemfika magotini. Nikaenda kwenye meza za mitumba, mama mmoja akanifungulia fuko zima, hakuna. Mwishoni nikanunua fulana moja laini ya pamba, nikampelekea fundi cherehani barazani. Akaushika uzi akacheka, "Sheikh, hii kofia ya mwanasesere?" Nikamwambia ya mjukuu wangu, amezaliwa na wiki 30. Akaacha kucheka, akasogeza pembeni sare ya shule aliyokuwa anashona, akashona kofia tatu na soksi za kitambaa kile kile. Nikampa pesa, akakataa. Allah amlipe.

Kwa furaha yangu nikaongeza sweta la sufi la mtumba na blanketi zito, maana nilifikiria baridi ya alfajiri ya huku kwetu. Nikafika hospitalini nimebeba fuko kama natoka sokoni. Muuguzi, binti mdogo tu kwa umri, akapokea kofia, soksi na nepi. Sweta akanirudishia. "Babu, hili liwekeni, atalivaa baadaye. Nguo yake kwa sasa ni kifua cha mama yake."

Akanieleza, nami nawaelezeni. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo joto humtoka haraka, na kichwani hutoka kwingi kwa sababu kichwa ni sehemu kubwa ya mwili wake. Ndiyo maana kofia. Ila mwilini akivalishwa manguo mazito, joto la mama haliwezi kumfikia. Anawekwa wima katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, ana kofia, soksi na nepi tu, kisha anafungwa kwa kanga na mama anavaa nguo yake juu. Wanaita kangaroo, kwa jina la yule mnyama anayebeba mtoto wake mfukoni. Njia hii ilianzishwa na madaktari mjini Bogotá, nchini Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilipokuwa hazitoshi. Leo Shirika la Afya Duniani linaihimiza hata penye mashine. Basi msidhani ni dawa ya maskini.

Jioni ile nilimkuta mkwe wangu amekaa kwenye kiti, vifungo vya shati wazi, mwanawe amefungwa kifuani kwa kanga, ili binti yangu apate kulala. Kijana aliona haya aliponiona, akataka kuinuka. Nikamwambia kaa, usiinuke kwa ajili yangu. Qur'ani imewaita mume na mke vazi, huyu kwa yule. Siku ile nilimwona mume amekuwa vazi la mkewe na vazi la mwanawe kwa pamoja.

Ndugu yangu, yazingatie haya matatu.

La kwanza: usimnyime mtoto maandalizi kwa kuogopa kudra. Mama yetu Hajar alipoachwa jangwani na mwanawe mchanga, alikuwa na yakini kwamba Allah hatawapoteza. Pamoja na yakini hiyo, alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba. Hakukaa chini kusubiri aone kama mtoto atakaa. Na maji yalitokea penye mtoto, si pale alipokuwa akikimbilia yeye. Sisi watu wa uwanda huu tunaojua shida ya maji tunapaswa kukielewa kisa hiki kuliko wengine. Ukinunua kofia ya shilingi elfu mbili humlazimishi Allah jambo. Unafanya la kwako.

La pili: acheni kuhesabu miezi ya watu kwa vidole. Wanangu wameoana mwaka wa tatu, hivyo kwetu hapakuwa na la kuhesabu. Lakini nimeona ndoa zikitikisika kwa sababu mtoto alizaliwa mwezi wa saba baada ya nikahi. Suratul-Ahqaf imetaja mimba na kunyonya kwa pamoja kuwa miezi 30, na kunyonya kumetajwa mahali pengine kuwa miaka miwili. Toa 24 katika 30, inabaki 6. Hapo ndipo wanazuoni, tangu zama za masahaba, walipopata kwamba mtoto aweza kuzaliwa hai kwa mimba ya miezi sita, na mama yake asituhumiwe. Na wanaosema wa saba huishi na wa nane hufa, hilo halina asili katika dini wala hospitalini. Kila wiki anayoongeza tumboni humzidishia nguvu.

La tatu: hawa si wachache. Mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 ni njiti, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria watoto milioni 13.4 waliozaliwa hivyo mwaka 2020. Karibu mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo wamo katika safu zetu za swala. Baba zao wanaswali na sisi, tunapeana mikono nao, na hawasemi, kwa sababu wanasubiri waone.

Nije kwenye ombi langu, maana darsa bila tendo ni maneno. Msikiti wetu una kabati. Ndani mna bafta, pamba, sabuni na manukato, na jeneza liko nyuma. Hilo ni jema, ni faradhi ya kutoshelezana, wala hatutaliacha. Lakini kwa maiti tumejiandaa mchana na usiku, na kwa aliye hai anayepigania pumzi hatuna hata soksi. Ijumaa iliyopita tuliweka boksi la pili katika kabati lile lile. Ndani mna kofia sita za pamba alizoshona yule fundi, za vipimo vitatu, soksi, nepi na kanga nne zilizofuliwa na kupigwa pasi. Mwenye kuhitaji aje, usiku wowote, Muislamu na asiye Muislamu, hataulizwa swali. Nanyi wa Newala, Tandahimba na Masasi, fanyeni kama hivi kwenu. Ile kanga mpya uliyoiweka akiba kabatini inatosha kuanzia.

Mjukuu wangu leo ana siku 26. Asubuhi hii mizani imesoma gramu 1,610. Bado yuko hospitalini, bado anapewa maziwa ya mama kwa kikombe kidogo, na kofia ya kwanza imeanza kumbana. Jina lake tulimpa siku ya saba, akiwa kifuani mwa mama yake. Sweta la sufi liko nyumbani, limefuliwa, limekunjwa, linamsubiri.

Mwombeeni. Na waombeeni wote walioko vyumba vile usiku huu, na mama zao, na wauguzi wanaowazungukia wakati sisi tumelala. Ee Mola wetu, wakuze katika utiifu wako, na ambao umewachukua wafanye kitangulizi na akiba kwa wazazi wao. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.