Kuchagua Ufukwe wa Unguja kwa Tarehe ya Mwezi



Kila likizo ndefu inapokaribia, wazazi wa hapa Nyamirambo hutufuata baada ya swala ya Isha na swali lile lile: tumeweka akiba, tunataka kuwapeleka watoto Zanzibar, twende ufukwe gani? Wengine wameshaona picha za Nungwi kwenye simu na wameshaamua. Nasi huwauliza, mtafika tarehe ngapi? Wanataja tarehe ya Julai au Agosti. Tunawaambia hapana, tunataka tarehe ya mwezi wa Kiislamu.

Watu hucheka, lakini hatufanyi mzaha. Ziwa Kivu, ambako wengi wetu tulijifunzia kuogelea, halijai wala halipwi. Ukiacha kandambili zako mchangani Rubavu asubuhi, jioni utazikuta pale pale, kama hazijapata mwenyewe mwingine. Bahari ya Hindi haiko hivyo. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja. Hilo ndilo bamvua, na Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia mita 4. Katikati yake, kwenye tarehe 8 na 23 hivi, mvuto hulegea, watu wa pwani wakasema maji mafu.

Sasa faida yake kwa msafiri. Siku za bamvua, tuseme tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, bahari ya Unguja hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi, kisha hujaa wakati wa Alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi maji yapo na alasiri yamekwenda. Haya ni makadirio, na wenyeji watakupa saa kamili ya siku yako. Lakini mwanafunzi wa madrasa anayejua leo ni tarehe ngapi za Rajab tayari ana nusu ya elimu ya mvuvi.

Hapo ndipo ufukwe unapochaguliwa. Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mwamba mbali baharini. Maji yakipwa hurudi nyuma hata kilomita nzima. Baba aliyelipia chumba ili watoto waogelee anaamka, anafungua dirisha, anaona uwanja mweupe na mashua zimelala ubavu. Tumesikia manung'uniko ya namna hiyo mara nyingi. Hata hivyo, kwa familia yenye watoto wadogo wasiojua kuogelea (na watoto wa milimani wengi hawajui), sisi tunapenda huko huko. Mwamba unavunja mawimbi, na sehemu kubwa ya maji ni ya kina kifupi. Yakipwa, watoto wanawaona akina mama wa Paje na Jambiani kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza kibiashara mwaka 1989. Ila wavalisheni viatu, kwa sababu ya vile viumbe vyeusi vyenye miiba kama nungunungu. Wala msiende nao hadi mwambani bila mwenyeji. Maji yanaporudi hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yenu, na mtu hushtuka amezungukwa.

Nungwi na Kendwa, kaskazini, kilomita 60 hivi kutoka Mjini, ni habari nyingine. Huko maji hayaendi mbali, unaogelea karibu saa yoyote. Kwa vijana wanaojua kuogelea pameshinda kote. Lakini huko pia kuna baa na muziki mwingi, na Kendwa ina sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Ajabu ya mwezi! Tarehe 13, 14 na 15 sisi tunafunga Ayyamul Bidh, na wengine ndizo wanazozingoja kucheza ngoma hadi alfajiri. Kwenda si haramu, wenyeji wa Nungwi ni Waislamu na misikiti ipo. Epukeni tu siku hizo.

Tunachowasisitizia wazazi zaidi ni mama wa nyumba. Mara nyingi yeye ndiye aliyeweka akiba hiyo faranga kwa faranga, kisha akifika anakaa mchangani kulinda nguo za wenzake. Naye anataka kuingia majini na staha yake. Basi mtafutieni tarehe 5 na 6, au 20 na 21, kwenye pwani ya mashariki. Siku hizo maji huwa yamejaa mara baada ya Alfajiri, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, na wageni bado wamelala. Baba akae na watoto.

Siku moja iachwe kwa Kizimkazi, kusini. Kule Dimbani kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Wanafunzi wetu wa Bulugh al-Maram hufaidi zaidi. Kitabu hicho kinaanza na hadithi ya utwaharifu wa maji ya bahari, na wengi wao wameihifadhi kabla ya kuiona bahari yenyewe. Wachukue udhu kwa maji yale, waonje chumvi yake.

Mnyarwanda haombi viza kuingia Tanzania, pasipoti inatosha. Kwa basi mnapita Rusumo hadi Dar es Salaam, kisha boti ya mwendo kasi kwa saa mbili hivi. Njia ya basi inakula zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hesabuni tarehe ya mwezi kuanzia siku mtakayokanyaga mchanga, si siku mtakayoondoka Nyabugogo.

Wabillahi tawfiq.