Motokaa Yetu ya Milimani

Walimu wenzetu kadha wa kadha, hasa wale wakaao penye milima na matope, wametuuliza jinsi tulivyonunua motokaa yetu ivutayo kwa magurudumu yote manne, na jinsi tulivyoitengeneza hata ikawa kama ilivyo leo. Tumechelewa kuwajibu kwa sababu habari yenyewe ina aibu ndani yake. Lakini tumeona si haki kuwaacha wengine wajifunze kwa bei ile ile tuliyolipa sisi.

Sisi tu walimu wanne. Shule yetu iko katika milima ya Usambara, nyuma ya Lushoto, bondeni, mahali ambapo kutoka kwake ni kupanda tu. Lami itokayo Mombo kwa njia ya Soni hutufikisha mjini vizuri. Toka hapo ni udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi njia ile yapitika kwa gari lo lote. Masika yakiingia, tangu Machi hata Mei, udongo huteleza kama sabuni, magari ya abiria huishia mbali, nasi hushuka tukaenda kwa miguu, madaftari ya watoto kichwani. Basi mwaka 2017 tulishauriana, tukakopa katika chama chetu cha kuweka na kukopa, kila mtu shilingi milioni 6, jumla milioni 24.

Tulitafuta Land Cruiser ya namba 70, wala si kwa fahari. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1984, na hata sasa yaundwa, nayo imeenea sana katika nchi yetu, hata ni shida kumpata fundi asiyeijua au mji usiouza vipuri vyake. Tena tulikuwa tumesoma kwamba mwaka 1951 motokaa ya kwanza ya ukoo huo ilipanda mlima Fuji wa Japani mpaka kituo cha sita. Tukafanya mzaha kwamba mjukuu wa aliyepanda Fuji hatashindwa na Usambara.

Katika kununua hatukukosea, nasi twasema hivyo bila haya, maana sifa si yetu. Tulimchukua fundi mmoja mzee aliyekwisha kuacha kazi. Alipofika kwa mwenye gari hakutazama rangi wala viti. Kwanza aliweka kiganja chake juu ya injini, akasema, "Ni baridi. Vema. Gari likipashwa moto kabla mnunuzi hajafika, ujue lina neno." Kisha akalala chini na nyundo ndogo, akaigongagonga chesisi toka mbele hata nyuma, akisikiliza mahali palipoliwa na kutu. Akalinganisha namba iliyopigwa katika chesisi na ile ya kadi. Akaangalia moshi injini ilipowaka. Halafu akaingiza gia ndogo na kuyashika magurudumu ya mbele, akaliendesha katika shamba lenye tope. Barabarani alikataa, kwa kuwa gari la namna hiyo likishikwa mbele na nyuma juu ya lami kavu, magurudumu hayawezi kupishana mwendo kwenye kona, na vyuma vya ndani huumia.

Mwisho alifungua kifuniko cha rejeta, akatia kidole. Kikatoka chekundu.

"Walimu," akasema, "gari ni zima. Injini hii ya silinda 6, lita 4.2, mkiitunza itawazika. Ila rejeta limejaa kutu, na feni yake imechoka. Yatengenezwe kabla ya masika."

Tukamjibu, "Tumesikia, mzee."

Kusikia tulisikia. Lakini mwezi ule ule mmoja wetu alikuja na picha katika simu yake, picha za motokaa za Australia na Arabuni, zenye tairi kubwa mno na taa juu ya taa. Hatumlaumu; sote tulizitazama mpaka usiku. Tukakopa tena, milioni 5. Tukanunua tairi pana, winchi, bampa nzito ya chuma, taa nne kubwa za kufunga mbele, na kichanja cha mizigo cha juu. Rejeta tukasema mwezi ujao. Na mwezi ulipokuja tukasema ujao. Nani aje barazani kutazama rejeta lililosafishwa? Lakini taa zile watu walikuja kuzitazama, na wanafunzi wakaliita gari Faru, nasi tulifurahi kupita kiasi.

Mwezi wa Aprili 2018, saa mbili za usiku, mzee mmoja wa kijijini alipiga hodi. Mtoto wake, mwanafunzi wetu wa darasa la tano, alikuwa ameanguka kutoka katika mparachichi, na mfupa wa paja umevunjika. "Walimu," akasema, "motokaa si ipo?" Tukamlaza mtoto nyuma juu ya godoro, mama yake akimshika kichwa, tukaanza kupanda.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Taa nne ziliufanya mlima kuwa kama mchana. Lakini hatujafika nusu tuliona mshale wa joto ukipanda, kisha mvuke ukatoka. Tukasimama, tukachota maji kijitoni, tukatia, tukaenda; ukapanda tena. Mara ya tatu injini ilitoa moshi mweupe ikazimika, wala haikuwaka tena. Gasketi ya juu ya injini ilikuwa imeungua.

Baba wa mtoto hakusema neno. Alikata miti miwili, akaifunga kwa shuka na kamba, ikawa machela kama za zamani. Wanaume wa kitongoji cha juu waliitwa, wakapokezana. Sisi tulifuata nyuma na tochi. Tulifika hospitali alfajiri. Mtoto alipona, lakini mguu mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Waganga hawakusema kwamba ni kwa ajili ya kukawia. Sisi hatukuwauliza.

Yule mzee alipokuja kutushukuru (ndiyo, alikuja kutushukuru) alisema, "Taa zenu zilitufaa sana wakati wa kukata miti."

Fundi mzee alipolifungua gari alitueleza, na mwenzetu wa hesabu akaandika ubaoni ili sote tuone. Gari liendapo mbio, upepo wa njia hulipoza rejeta. Liendapo pole mlimani, upepo huo haupo, kazi yote ni ya feni. Feni yetu ilikuwa imechoka, rejeta limeziba, na mbele yake tumepanga winchi na taa kama ukuta. Tena tairi ikiongezeka kipenyo kwa sehemu moja katika kumi, ni kana kwamba kila gia imekuwa nyepesi kwa mwendo na dhaifu kwa nguvu: saa yasema kilomita 50, nawe wenda 55, na mlimani injini hulemewa. Juu ya hayo kulikuwa na uzito wa vyuma vyote vile. Tairi zenyewe, kwa upana wake, ziliteleza juu ya tope, hali zile nyembamba za kwanza zilikuwa zikilikata hata kufikia udongo mgumu. Kila tulichoongeza kilikuwa kimelipunguza gari. Na kulisafisha rejeta na kubadili feni kulitaka pesa pungufu ya bei ya zile taa.

Tuliuza winchi, taa, bampa na kichanja, kwa hasara. Tulirudisha tairi nyembamba, zenye meno ya matope, tukanunua minyororo ya kuzivika masika, pampu ya upepo kwa kuwa penye mchanga hupunguza upepo wa tairi na kuujaza tena baadaye, kamba nene, jembe, na mbao mbili. Galoni la maji haliondoki garini. Nyuma tumeweka ubao wa kumlaza mgonjwa. Deni lilikwisha mwaka 2021. Yule mwanafunzi sasa ni kijana, naye ndiye hodari wetu wa kufunga minyororo. Hupiga goti upande mmoja tu.

Juzi mwenzetu yule wa picha alileta shauri la kutia tabo, ili injini ipate nguvu zaidi. Kiwandani injini hii haikupewa tabo, na nguvu zaidi ni moto zaidi. Tukamwuliza, "Na joto hilo litakwenda wapi?" Akacheka, akaenda kupima maji ya rejeta.